Viti viwili na treni isiyokuja

Tulishuka uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mwezi wa nane mwaka 2023, kiangazi kimekolea, vumbi jekundu limeganda juu ya majani ya miembe. Mzee wangu, yaani mume wangu, alisimama chini ya ngazi ya ndege, akavuta pumzi, akakohoa, kisha akasema maneno mawili: "Njo hapa." Kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi maana yake ni ndiyo hapa, ndipo penyewe. Mfanyakazi mmoja wa uwanja, sijui mgeni wa wapi, alidhani anaitwa, akaja mbio kutubebea mizigo. Tulicheka mpaka machozi. Baada ya siku ile sikumsikia mzee akicheka tena kwa miezi kumi.

Naandika haya kwa sababu karibu kila wiki kuna mama mwenzangu ananiuliza nilifanyaje mpaka mzee akaanza tena kutoka nyumbani. Wengine wana mama aliyerudi kutoka kwa watoto, wengine wana mume aliyestaafu na kugeuka sehemu ya ukuta. Nilikosea mengi kabla ya kupatia kidogo, na makosa yenyewe yaligharimu pesa.

Tuanze Kinshasa. Februari 2022 mzee alipata kiharusi, kile ambacho huku kwetu kila mtu anakiita AVC. Hakikuwa kikali sana: mguu wa kulia ulilegea, mkono ukarudi baada ya wiki chache, lakini maneno yalikwama. Mtoto wetu wa kiume anafanya kazi Kinshasa. Akasema, wazazi wangu, huko mko peke yenu, njooni. Aprili tukapanda ndege. Tulikaa miezi kumi na sita.

Sitamsema vibaya mwanangu wala mkwe wangu. Kwao maji yalitoka bombani usiku na mchana, na umeme ukikatika jenereta iliwaka. Lakini kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mzee Kifaransa, kikamnyang'anya na Lingala aliyoiokota kazini, kikamwachia Kiswahili na Kibemba cha mama yake. Na Kinshasa hata muuza mkate anakusemesha kwa Lingala. Wajukuu walimwita Koko, yaani babu, wakamzungumzisha haraka haraka, naye akawaitikia "ee, ee" kama mtu mwenye simu mbovu sikioni. Kwetu wangemwita Nkambo. Asubuhi alikaa dirishani. Jioni aliniuliza: "Treni imepita?" Alifanya kazi kwenye reli, njanja kama tunavyoiita, kuanzia 1971 hadi 2006. Nilikuwa namjibu kwamba imepita. Siku moja nikachoka kudanganya, nikamwambia mtaa huu hauna treni. Hakuuliza tena, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nilipomwambia mwanangu kwamba tunarudi, aliniuliza: "Mama, kule kuna nini?" Nilikosa jibu. Sisi watu wa kule tunapenda kujisifu, Lubumbashi Wantanshi, Lubumbashi mbele, lakini ukibanwa useme mbele kwa lipi, unaanza kuhesabu malori ya madini na siku za giza. Nikamwambia kule kuna bitoyo, samaki wetu wa chumvi. Akacheka, akakata tiketi. Nadhani alielewa, maana samaki wa chumvi wako hata Kinshasa.

Sasa kosa la kwanza, lililotupata kabla hata hatujafika. Tulipoondoka tulikuwa tumeipangisha nyumba yetu ya Katuba kwa dola 100 kwa mwezi, na mpangaji akalipa garanti, pesa ya dhamana, ya miezi sita. Dola 600 zile tulizila kwenye dawa na vipimo. Kumbe garanti ni pesa ya mtu, imelala kwako tu. Tuliporudi mpangaji alikuwa na haki ya kukaa mpaka arudishiwe, na alikuwa na haki pia ya kukasirika, kwa sababu tulimpa taarifa ya mwezi mmoja. Tulilala kwa dada yangu wiki saba, mzee kwenye godoro sebuleni, mimi nikizunguka kukopa. Ukimfuata mtoto mji mwingine uzeeni, hata kama unaapa hutarudi, garanti ya mpangaji iache ilale. Siku ya kurudi inakuja bila kupiga hodi.

Mwishoni mwa Septemba tukaingia kwetu. Nikadhani kazi imekwisha. Mzee akatafuta kiti chake, akakiweka chini ya mwembe, akaelekea ukuta. Asubuhi ukuta, mchana bukari, yaani ugali, jioni ukuta. Tulikuwa tumerudi Lubumbashi, lakini Lubumbashi ilikuwa ng'ambo ya lile tofali. Nikawaza: basi tulihangaika vile kwa ajili ya mwembe?

Binti yetu mkubwa anaishi Kolwezi. Alikuja Oktoba, akamwona baba yake, akalia jikoni, kisha akapanga mambo kama wanavyopanga vijana wenye mshahara: siku moja kubwa. Gari la kukodi na dereva, dola 80 pamoja na mafuta. Tutampitisha baba kwenye maisha yake yote, alisema. Stesheni, posta, kanisa kuu la Petro na Paulo, nyumba ya Kamalondo tulikoanzia ndoa mwaka 1977, shule niliyofundisha, kisha chakula cha mchana mjini na jua la jioni kwenye ziwa la kule Karavia. Aliandika kwenye karatasi, na saa pembeni. Mimi niliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja niliitazama ratiba ile nikaiona nzuri kabisa.

Oktoba kwetu jua linachoma kabla mvua hazijaanza. Mijakaranda ilikuwa imechanua, barabara za mjini zimetandikwa zambarau, na kwa dakika kama kumi kila mtu garini alikuwa na furaha. Mzee alitoa mkono dirishani.

Karibu na stesheni binti akashuka, akatoa simu, akampiga baba yake picha na jengo nyuma. Hazikupita dakika mbili, akatokea mtu mwenye sare. Sitasema wa idara gani. Simu ikachukuliwa, tukaambiwa tumepiga picha mahali pasiporuhusiwa, na faini ikaanza dola 100. Mzee akataka kueleza. Hapo ni kwake, amefanya kazi hapo miaka thelathini na mitano, anajua hata mlango upi unakwama wakati wa mvua. Lakini maneno hayakutoka. Yalitoka vipande, na mate. Yule kijana akamwangalia kisha akamwambia mwenzake kwamba huyu amekunywa asubuhi yote hii. Tulilipa dola 20. Zile ziliniuma kidogo tu. Kilichoniua ni mzee, ambaye alikuwa amesikia.

Tungerudi nyumbani pale pale. Lakini karatasi ilisema Kamalondo saa nne na nusu.

Nyumba yetu ya zamani ipo, mlango umepakwa rangi ya buluu, mpera wa uani umekuwa mkubwa. Mzee aliuona kwa juu ya ukuta, akaanza kuunyooshea kidole. Binti amesimama pembeni yake ameshika bahasha kubwa ya kaki yenye karatasi zake za hospitali, maana baada ya Kamalondo tulikuwa tupitie maabara. Sasa jiweke upande wa mama aliyekuwa ndani. Anachungulia anakuta mzee anaonyesha nyumba kwa kidole, kijana mwenye nguo za kiofisi, na bahasha. Katika mji huu ambao kesi za palseli, za viwanja, hazina mwisho!

"Muko natafuta nani?"

"Hatutafuti mtu, mama. Tunaangalia tu."

"Munaangalia nini mu palseli ya watu? Iyi nyumba iko na mwenyewe!"

Wanawe wawili wakatoka. Jirani akatoka. Chifu wa avenyu akaitwa, akaja na kitambulisho chake na uzito wake wote. Ilituchukua zaidi ya nusu saa kuonyesha kwamba ndani ya bahasha kuna vipimo vya sukari na moyo, hakuna hati. Mwishowe yule mama alituomba radhi, hata akatuletea mapera matatu. Mzee hakuyashika.

Niongeze hili maana hakuna anayelisema. Mzee anameza dawa ya shinikizo la damu, ile inayokojoza. Tulikuwa tumempa asubuhi kama kawaida. Tulipotoka Kamalondo tulikwama nyuma ya malori kwa dakika arobaini, hakuna choo, hakuna hata kichaka. Mwenye mgonjwa nyumbani ameshanielewa. Chakula cha mjini tulikwisha kukiagiza kwa simu, kwa hiyo tulikilipa, dola 45, na tukakila kwetu kwenye vyombo vya plastiki, kimya, mzee akiwa amejifungia chumbani. Jumla ya siku ile ilikuwa dola 145, ukiweka na faini. Hakusema neno kwa siku tatu.

Nilikuwa na muda mrefu wa kulifikiria jambo lile, kwa sababu mvua zilikuja na hatukutoka tena mpaka zilipokwisha. Nilichokiona ni hiki: tulimtembeza mzee kwenye maisha yake kama wanaukoo wanaozunguka kuorodhesha mali ya marehemu. Hiki kilikuwa chake, hiki nacho, andika. Na kila mahali tulimwuliza swali lilelile: "Unakumbuka?" Baba, unakumbuka hapa? Papa, unakumbuka yule? Kwa mtu ambaye kichwa kimempotezea maneno, huo ni mtihani, tena wa mdomo, mbele ya watu. Mimi mwalimu ningepaswa kujua kuliko wote. Mtoto wa darasa la tatu ukimsimamisha hivyo kila siku ataacha shule.

Siku hizi simwulizi kama anakumbuka. Namwuliza anaonaje. Mti huu unaonaje, unafaa kukatwa? Hata akijibu kwa kichwa, amejibu kama mtu mzima aliyeombwa shauri.

Lakini ubunifu wa kutoka hatukuwa nao sisi, ulitoka kwenye teksi iliyoharibika. Ilikuwa Juni 2024, ile baridi yetu ya asubuhi inayowashangaza wageni wanaodhani Kongo yote ni joto. Tulikuwa tunatoka kuchukua dawa. Teksi ikazima pale barabara inapokatiza reli, dereva akafungua boneti, akaingiza kichwa chote. Mama mmoja anayeuza karanga pembeni akamwona mzee amesimama kwa mguu mmoja na nusu, akamsukumia kigoda chake: "Mzee, ikaleni." Akakaa. Akaitazama reli kwa muda mrefu. Kisha akasema:

"Mgongo una kutu. Tangu jana hakijapita kitu."

Nilimgeukia kama nimesikia kiti kinaongea. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tangu augue. Nikamwuliza ana maana gani, akanionyesha: reli ikipitiwa na magurudumu inang'aa juu kama kijiko, ikilala siku moja tu, hasa kukiwa na umande, inaota rangi ya kahawia. Alinieleza kwa vidole zaidi kuliko kwa mdomo, lakini alieleza. Dereva akamaliza kutengeneza, akapiga honi. Mzee akatikisa kichwa. Hatuondoki, anangoja treni. Nikamlipa dereva, akaenda zake. Tulikaa saa moja na dakika arobaini kwenye vumbi. Treni haikuja. Mzee alirudi nyumbani amechangamka kama mtu aliyetoka harusini.

Kwa hiyo ndiyo Alhamisi zetu. Tunaenda pale, tunakaa, tunangoja treni ambayo kwa kawaida haiji. Nilimwendea seremala wa mtaani akatutengenezea viti viwili vidogo vya kukunja, faranga 15,000 kila kimoja, na huo ndio ununuzi bora nilioufanya tangu tununue mashine ya kushona. Mzee akiwa na kiti chake, mji mzima unakuwa na mahali pa kukaa. Bila kiti utaishia kwenye mabaa, na kule utalipia soda kila nusu saa ili usifukuzwe.

Mambo mengine niliyoyajifunza kwa kuumia: tunatoka saa moja asubuhi, tunarudi kabla ya saa tano. Kwenye minibasi tunachukua viti viwili vya mbele karibu na dereva, na namweleza kijana wa mlangoni kabla ya kupanda kwamba mzee anashuka polepole. Ukimweleza baada ya kupanda anaona unamchelewesha, ukimweleza kabla anakuwa mjukuu wako. Nabeba noti za 500 na za 1,000, kwa sababu kijana mwenye noti yako ya 10,000 mkononi hana chenji mpaka mwisho wa safari, na wewe unashuka katikati. Dola iliyopasuka hata kidogo iache nyumbani, hakuna atakayeipokea. Kuhusu dawa nilirudi kwa daktari, nikamweleza aibu yetu bila kuficha, akasema siku ya matembezi aimeze tukisharudi. Muulize wako, usipange mwenyewe, maana jirani yangu alipanga mwenyewe na mume wake akaanguka. Na choo: karibu na reli kuna nyumba ya mama mmoja, nampa faranga 500 kila Alhamisi, tumtumie tusimtumie. Sasa hata funguo ananiachia. Picha hatupigi, labda ya karanga.

Nauli kwenda na kurudi, karanga, kitafunwa cha kikanda kipande kimoja, kikombe cha kinywaji cha munkoyo: haifiki faranga 8,000. Hesabu mwenyewe ukilinganisha na siku kubwa ya binti yangu.

Pale relini nimeolewa upya na mwanamume anayebishana. Yeye anashikilia kwamba Lubumbashi ni mtoto wa njanja. Reli ilifika kutoka kusini mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipozaliwa kwa jina la Élisabethville, na kiwanda hakikuyeyusha shaba yake ya kwanza hapa mpaka 1911. Kwa hiyo nani alimtangulia nani? Halafu 1928 reli ikafika Ilebo, wakati huo Port-Francqui, na 1931 tukaungana na ile ya Benguela mpaka baharini Angola. Miaka hii hasahau. Majina ya wajukuu anayachanganya, 1928 haikosei. Mimi namwonyesha lile bomba la kiwanda linalochungulia juu ya mapaa, mita 153, namwambia kama mji huu ni wa reli mbona kwenye picha zote ni bomba na mlima wake mweusi wa mabaki ya shaba? Anakasirika vizuri. Ule mlima wenyewe umepungua tangu walipoanza kuuyeyusha upya kutafuta kobalti, na yeye anauhesabia ushindi huo kama ni wa reli.

Ugomvi wetu mwingine ni wa ndoa nzima. Yeye ni Lupopo, timu ya watu wa reli. Mimi ni Mazembe tangu nikiwa msichana. Timu zote mbili zilizaliwa 1939, lakini moja tu ilikwenda Abu Dhabi Desemba 2010, ikaifunga Internacional ya Brazili mbili bila na kuingia fainali ya dunia ya klabu, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Usiku ule mji haukulala, watu wazima walikuwa wanaruka kwa makalio barabarani wakimwiga kipa Kidiaba. Mzee alifunga mlango akasema kichwa kinamuuma. Fainali tukafungwa na Inter tatu bila, na kichwa chake kikapona papo hapo.

Nyuma ya reli kuna uwanja wa vumbi ambako watoto wanacheza baada ya shule. Siku moja tulichelewa kuondoka, mzee akamwona beki mmoja anakimbilia mpira wakati mtu wake yuko huru, akapiga kelele: "Rudi! Rudi nyuma!" Wazi kabisa, bila kukwama, na sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka upande wa pili wa njia saba za reli. Watoto wakageuka wote. Yule beki akarudi nyuma. Sasa wanamwita Nkambo wa Njanja, na wakigombana kuhusu ofsaidi wanamjia. Huwa anaamua vibaya, ila hakuna anayekata rufani.

Niseme pia kilichoharibika. Majirani walianza kuomba kuja. Tukawa wanne, tukawa tisa, nikaona tufanye jambo la maana: tuweke likelemba, mchango wa pamoja, faranga 5,000 kila mtu kwa wiki, tukodi basi dogo twende misheni ya Kafubu siku nzima. Wiki ya sita mweka hazina, mama ninayempenda mpaka leo, alitumia pesa zote kumlipia mjukuu hospitali. Ungemlaumu? Mimi nisingeweza. Wengine waliweza. Kulikuwa na maneno mabaya, mmoja aliitaja mpaka kabila. Kundi likavunjika, na mama yule akipita kwetu sasa anainamisha kichwa. Kosa ni langu, nilichukua kitu kilichokuwa hakina pesa ndani yake nikakitia pesa. Wanaokuja sasa, kila mtu na nauli yake, kila mtu na karanga zake.

Sehemu nyingine tumejaribu. Bustani ya wanyama siku ya kazi asubuhi ni nzuri, kivuli kipo na watoto wa shule ni burudani kuliko simba. Makumbusho mzee aliyapenda kwa sababu ya misalaba ya shaba, ile ya kale iliyotumika kama pesa. Aliushika hewani kwa mikono kupima uzito, akaniambia mahari yangu isingefika miwili. Ziwani Karavia maji ni mazuri, ila tukinywa soda pale tunakuwa tumekunywa Alhamisi tatu.

Na shule yangu? Sijaenda. Ratiba ya binti yangu ilikatika kabla ya kufika, na tangu wakati huo nina sababu kila wiki. Nimeambiwa darasa langu limegawanywa kwa mbao kuwa mawili. Nampeleka mzee kwenye reli yake bila woga, lakini mimi mwenyewe nikipita barabara ile kwenye minibasi naangalia upande mwingine. Sina la kumshauri mtu kuhusu hilo.

Alhamisi ya tatu ya Novemba mvua zilikuwa zimeanza. Nilimwacha mzee na mtoto wa mama karanga, kijana wa miaka kama tisa aliyemshikia mama yake meza, nikaenda kununua dawa upande wa pili, nikakuta foleni. Nilikaa kama dakika arobaini. Niliporudi mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi, mguu wake mbaya umenyooka.

"Imepita," akasema. "Mabehewa ishirini na mbili. Matupu."

Nikamwuliza mtoto kama kweli treni imepita. Mtoto alikuwa na simu ya mama yake mapajani. Akamwangalia mzee, akaniangalia mimi, akainua mabega.

Reli ilikuwa hatua kumi kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Ningesogea ningeona mgongo wake kama unang'aa au una kutu. Nikafungua kiti changu nikakaa, nikamwuliza mzee ilikuwa inaelekea upande gani.

"Sakania," akasema. "Na imechelewa."